Jinsi Chipu Ndogo Inavyosawazisha Saa Yake kwa Mawasiliano ya USB

Kila chombo cha elektroniki kinachofuata programu huhitaji saa. Saa hiyo haioneshi dakika wala sekunde, bali ni saketi inayotoa mapigo ya umeme kwa mfululizo, na kila pigo hukiruhusu chombo kutenda hatua moja. Katika maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyokamilika ndani ya chipu moja, mapigo hayo hufikia mamilioni kwa sekunde. Kwa kazi kama kuwasha taa, si hoja saa hiyo ikienda mbele au nyuma kidogo. Lakini chipu inapounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, saa isiyo sahihi huweza kuvunja mawasiliano yote.

Waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne: mbili za nguvu ya umeme na mbili za data. Hakuna uzi wa kupeleka mapigo ya saa. Kwa hiyo mpokeaji hutumia saa yake mwenyewe kukadiria biti moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Katika mwendo wa chini wa USB hupita biti milioni 1.5 kila sekunde, na kanuni huruhusu kosa lisilozidi asilimia 1.5.

Ili kumsaidia mpokeaji, kila biti ya sifuri hubadili hali ya nyuzi za data, nayo biti ya moja huiacha kama ilivyo. Zikifuatana moja sita, mtumaji huingiza sifuri ya ziada. Hivyo mpokeaji hupata badiliko angalau mara moja katika kila biti saba, na hapo huanza kuhesabu upya. Tuseme saa yake ina kosa la asilimia 10. Afikapo katikati ya biti ya saba, atakuwa amepotea kwa karibu thuluthi mbili za biti, naye atasoma biti isiyo yake. Kosa likiwa asilimia 1, upotevu huo haufiki hata sehemu moja ya kumi ya biti, na ujumbe husomeka barabara.

Njia ya kawaida ya kupata saa sahihi ni kufunga fuwele ya kwatsi nje ya chipu. Lakini fuwele ina gharama, tena hutumia miguu miwili ya chipu. Chipu ya ATtiny85 ina miguu minane tu. Ukiondoa miwili ya umeme na mmoja wa kuanzisha upya, hubaki mitano. Data ya USB huchukua miwili, na fuwele ingechukua miwili mingine. Mguu mmoja pekee ndio ungebaki kwa kazi iliyokusudiwa!

Chipu hiyo ina saa ya ndani iliyoundwa kwa kikinza na kapasita. Haihitaji kifaa cha nje, lakini mwendo wake hubadilika kwa halijoto na volteji, na kipimo cha kiwandani huruhusu kosa la hadi asilimia 10. Kwa bahati njema, ndani yake imo rejista ambayo thamani yake huongeza au hupunguza mwendo wa saa. Swali ni hili: chipu itajuaje kuwa inakosea, ilhali haina saa nyingine ya kujipima?

Jibu limo katika waya wenyewe. Kila milisekunde 1, kompyuta hupeleka ishara fupi kuonesha kwamba ingali ipo. Chipu isiyoweza bado kusoma ujumbe wowote huweza kuhesabu mapigo yake baina ya ishara mbili, kama mtu arekebishavyo saa ya ukutani kwa milio ya redio. Programu ya V-USB, iliyotengenezwa kwa chipu za jamii hiyo, hutaka mapigo milioni 16.5 kwa sekunde, yaani mapigo 11 kamili kwa kila biti na 16,500 kwa kila milisekunde. Chipu ikihesabu 15,000, saa yake imechelewa kwa asilimia 9 hivi.

Marekebisho hufanywa kwa kugawa nusu kwa nusu. Kati ya thamani 128 za rejista, programu hujaribu ya katikati. Saa ikiwa imechelewa, nusu ya chini huachwa. Ikiwa imewahi, nusu ya juu huachwa. Kwa kuwa 128 ni 2 kwa kipeo cha 7, majaribio saba yatosha. Kisha thamani za jirani hulinganishwa, na iliyo bora huhifadhiwa katika kumbukumbu ya kudumu. Hata hivyo, yafaa kazi hii irudiwe kila chombo kinapounganishwa upya, kwa maana thamani iliyopatikana asubuhi ya baridi huenda isifae adhuhuri.

Mwendo wa biti milioni 12 kwa sekunde hudai usahihi zaidi: kosa lisizidi asilimia 0.25. Baadhi ya chipu za siku hizi hujirekebisha bila kukoma. Saa yao ya mapigo milioni 48 kwa sekunde hutakiwa kutoa mapigo 48,000 kwa kila milisekunde. Yakizidi 48,120 au yakipungua 47,880, mpaka umevukwa. Kwa hiyo saketi husahihisha tofauti mapema, ingali ndogo.