Kifyatulio Chepesi na Bei Yake

Aliyewahi kutega mtego wa panya anaijua fizikia ya bunduki, ingawa huenda hajui kwamba anaijua. Springi iliyokazwa imebeba nishati, na kijiti chembamba kinaizuia. Panya akigusa chambo, kijiti huteleza na mtego hufyatuka. Lugha yetu hutumia kitenzi kimoja, kufyatua, kwa mtego na kwa bunduki, na swali la wenye vyombo hivyo pia ni moja: kijiti kishikwe kwa nguvu kiasi gani? Kikikazwa mno, panya atakula na kwenda zake. Kikilegezwa mno, mtego utafyatukia vidole vya mtegaji.

Huko Marekani swali hilo huulizwa na wawindaji wenye bunduki ya komeo, yaani ile ambayo mwindaji huvuta komeo kwa mkono ili kuingiza kila risasi. Mara nyingi bunduki hiyo hutoka kiwandani ikiwa na kifyatulio kizito, na wengi hukiondoa na kuweka kingine kilicho chepesi. Je, wanapata nini, na wanatoa nini badala yake?

Tuanze na faida. Bunduki yenye tungamo la kilo 3.5 ina uzito wa nyutoni 34 hivi. Ikiwa kidole hakina budi kuvuta kwa kani ya nyutoni 25, kani hiyo ni zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa bunduki nzima. Mkono hukakamaa, mtutu hutikisika, na mnyama hujeruhiwa badala ya kufa mara moja. Kani ikishuka hadi nyutoni 12, ni rahisi zaidi mtutu kutulia.

Kani hiyo yatoka wapi? Ndani ya bunduki springi kubwa husukuma pini itakayogonga fataki ya risasi. Pini huzuiwa na kipande cha chuma, ambacho tutakiita ulimi. Nao ulimi umeegemea ukingo wa kifyatulio, ambacho ni wenzo wenye egemeo lake. Mgusano wao huweza kuwa wa nusu milimita tu. Kidole hushindana na springi ndogo inayorudisha kifyatulio mahali pake, pamoja na msuguano wa ukingo ule. Tuseme ulimi unakandamiza ukingo kwa nyutoni 60, na kizigeu cha msuguano ni 0.2. Msuguano utakuwa nyutoni 12. Nyuso zikilainishwa hadi kizigeu kiwe 0.1, utabaki nyutoni 6. Fundi aweza pia kulegeza springi ndogo au kufupisha mgusano. Lakini kila afanyalo hupunguza kile kilichokuwa kikiizuia risasi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Chukua kifyatulio chenye tungamo la gramu 10. Bunduki ianguke kitako chini kutoka mita 1, na kusimama ndani ya sentimita 1. Mchapuko wa kusimama huko ni mara 100 ya ule wa mvutano wa dunia. Kwa hiyo gramu 10 zile huelemea nyuma kana kwamba ni kilo 1, yaani kwa nyutoni 10 hivi, bila kidole cha mtu yeyote. Hesabu hii tumeirahisisha, lakini maana yake ni wazi: kifyatulio cha nyutoni 12 kitashikilia kwa shida, na cha nyutoni 6 kitafyatuka.

Hata springi ikiwa na nguvu ya kutosha, umbo la vipande nalo lina neno lake. Bunduki ya Remington Model 700, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962, ilitumia kifyatulio cha mhandisi Mike Walker, kilichopewa hataza mwaka 1950. Wawindaji walikisifu kwa ulaini wake. Kati ya kifyatulio na ulimi palikuwa na kibati chembamba, hakikufungwa bali kilishikiliwa kwa springi. Kila risasi ilipopigwa, kibati kiliachana na kifyatulio, kisha kikatakiwa kurudi. Walalamikaji walidai mahakamani kwamba uchafu ukikizuia kurudi sawasawa, bunduki huweza kulia bila kifyatulio kuvutwa. Kampuni ilikanusha kwamba ubunifu huo ulikuwa na kasoro. Baadaye ilitoa kifyatulio kipya kisicho na kibati. Mwaka 2014 hicho nacho kiliitwa kirudishwe, kwa kuwa gundi ya kuunganishia ilikuwa imezidi. Mwaka 2018 yalikamilika mapatano ya mahakama yaliyohusu bunduki zipatazo milioni 7.5, na wenye nyingi kati ya hizo walipewa haki ya kubadilishiwa kifyatulio bila malipo.

Basi ubora wa kifyatulio haupimwi kwa wepesi wake peke yake, bali kwa kile kinachobaki kushikilia siku ya vumbi, kutu na kuanguka. Ndiyo sababu kazi hii ni ya fundi mwenye ujuzi na kibali, wala si ya tupa na bisibisi za nyumbani.

Mwalimu aweza kuonyesha kanuni hii bila bunduki. Vuta kipande cha mbao juu ya meza kwa mizani ya springi, uandike kani inayokisogeza. Paka meza nta ya mshumaa, uvute tena. Kisha waulize wanafunzi: nani amefaidika na nta ile, na nani angeweza kuumia? Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mhandisi hufanya hesabu kwa ajili ya hao wasiokuwamo.