Motokaa Inapokataa Kuwaka Baada ya Kuoshwa Injini

Mtu apitaye katika njia za Ndanai majira ya mvua huona ya kwamba motokaa zote zimekuwa na rangi moja, nayo ni rangi ya udongo. Matope hayo hayabaki nje tu, bali hupanda mpaka chini ya boneti, yakachanganyika na oili inayovuja na kuganda juu ya injini. Kwa hiyo si ajabu wenye motokaa wengi kutaka injini zao zioshwe, hasa fundi atakapo kutafuta mahali panapovuja, au mnunuzi anapotazamiwa. Usafi ni jambo jema, wala hatuna neno la kuulaumu. Lakini mara nyingi motokaa iliyofika kwa waoshaji kwa nguvu zake yenyewe huondoka pale ikisukumwa na vijana.

Katika nchi hii ya chai, kuanzia Kericho mpaka Bomet, motokaa si pambo la uani. Majani yaliyochumwa asubuhi hayana budi kufika kiwandani siku ile ile, maana yakilundikwa muda mrefu hupata joto, hugeuka mekundu, na thamani yake hupungua. Maziwa nayo hayangoji. Tena yuko mgonjwa ambaye pengine hupaswa kufikishwa hospitali ya Kaplong au ya Tenwek usiku wa manane. Basi injini inaponyamaza, mwenyewe hushikwa na wasiwasi, akafanya moja katika makosa mawili. Ama huzidi kupiga stata mpaka betri ikafa, ama hukimbilia dukani kununua vyombo vipya asivyovihitaji.

Yafaa tujue ya kwamba ugonjwa huu kwa kawaida una asili moja: maji yameingia mahali pa kupitia umeme au hewa. Dawa yake ni kutulia, kukausha, na kuchunguza kwa utaratibu. Atendaye hivyo mara nyingi huiwasha motokaa yake siku ile ile bila gharama kubwa. Naye alazimishaye aweza kuigeuza shida ya saa mbili kuwa hasara ya injini nzima.

KWA NINI MAJI HUIZIMA INJINI

Injini ya petroli yahitaji vitu vitatu ili iwake: petroli, hewa, na cheche ya moto kwa wakati wake. Betri hutoa umeme wa volti 12 tu, nao hautoshi kuruka katika nafasi ndogo iliyo kwenye ncha ya plagi. Kwa sababu hiyo pana koili, ambayo huupandisha umeme huo mpaka ukapita volti 20,000. Umeme wenye nguvu namna hiyo hutafuta njia iliyo nyepesi, kama maji yatafutavyo bonde. Waya ukiwa mkavu na mzima, njia ni moja tu, nayo ni ya kwenda kwenye plagi. Waya ukilowa, umeme hupita juu ya unyevu ukakimbilia chuma cha injini, na plagi ikakosa fungu lake. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo sana, lakini maji ya kuoshea, yenye sabuni na chumvi za udongo, huupitisha kwa urahisi.

Katika motokaa za zamani, umeme wa koili hugawanywa na chombo kiitwacho distributa, kisha ukapelekwa kwa nyaya nene mpaka kwenye kila plagi. Utaratibu wa namna hii ulitiwa katika motokaa za Cadillac za Marekani mnamo mwaka 1910, kwa kazi ya fundi Charles Kettering, nao ulidumu kwa miaka mingi. Tone dogo ndani ya kifuniko cha distributa latosha kuinyamazisha injini yote.

Motokaa za siku hizi, kama vile Toyota Probox ambazo ni nyingi katika barabara zetu, hazina distributa. Kila plagi ina koili yake, nayo imekaa juu ya shimo refu lililo katikati ya injini. Maji yaliyopenya katika shimo hilo hutuama kama maji yaliyosahauliwa ndani ya kinu, na mtu aitazamaye injini kwa juu aweza kuapa ya kwamba ni kavu. Zaidi ya hayo pana vyombo vidogo viitwavyo sensa, vinavyoiarifu kompyuta ya motokaa habari za hewa, joto na mwendo wa injini. Viungo vya nyaya zake vikilowa, kompyuta hupewa habari za uongo.

Injini za diseli hazina cheche, kwa hiyo haziudhiki upesi namna hii. Hata hivyo nazo huvuta hewa, na nyingi za siku hizi zina sensa kama wenzao.

Watu wa Kericho wanayo sababu ya kulielewa jambo hili. Joginder Singh, aliyepewa jina la Simba wa Kenya, alizaliwa Kericho mwaka 1932, akayashinda mashindano ya Safari mwaka 1965 kwa Volvo, na tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapojaza mito. Baadaye motokaa nyingi za Safari zilifungwa bomba refu la kuvutia hewa, lililopanda mpaka karibu na paa. Wenye magari hayo walijua ya kwamba maji ya mto yakiingia ndani, ushindi umekwisha. Maji ya mpira wa kuoshea ni yale yale, ila hayo tumeyaleta wenyewe.

KWANZA USILAZIMISHE

Jambo la kwanza ni kuiacha stata. Chomoa kijiti cha kupimia oili, ukitazame juani. Oili ikiwa na rangi yake ya kawaida, shukuru. Lakini ikiwa imegeuka ikafanana na chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Injini hiyo isiwashwe hata kidogo mpaka fundi aimwage oili na kujua maji yalipita wapi.

Kisha fungua kasha la chujio la hewa. Chujio likiwa kavu, ni dalili njema. Likiwa limelowa chapachapa, huenda maji yamevutwa mpaka ndani ya silinda. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Hewa hubanwa, injini ya petroli huibana mpaka ikawa kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, na ya diseli huibana zaidi. Maji hayakubali kubanwa hivyo. Pistoni ikipanda ikayakuta, mkono wake hupinda au kuvunjika. Kwa hiyo ukisikia stata ikigonga mara moja na kusimama kana kwamba imekuta ukuta, usijaribu mara ya pili, wala usiombe vijana waisukume. Mwite fundi azitoe plagi zote, azuie petroli na umeme wa koili, ndipo aizungushe injini polepole ili maji yatoke katika matundu ya plagi.

NAMNA YA KUKAUSHA

Ikiwa oili na chujio ni salama, zima kila kitu, toa ufunguo, ufungue waya wa hasi wa betri. Panguza nyaya, koili, kasha la fyuzi na viungo vyote unavyoweza kuvifikia kwa kitambaa kikavu. Katika motokaa ya zamani, fungua kifuniko cha distributa ukipanguze ndani na nje. Katika motokaa mpya, ng'oa koili moja moja, uangalie shimo lake. Likiwa na maji, yanywewe na kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, au yapulizwe kwa kompresa, kabla ya plagi yenyewe kufunguliwa. Tia alama katika kila waya ili urudi mahali pake, maana nyaya zikibadilishana, utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Baada ya hapo iache boneti wazi juani kwa saa mbili au tatu. Siku ya mawingu, kama zilivyo nyingi huku kwetu, ingoje zaidi. Kamwe usikaushe kwa jiko la makaa, wala usimwage petroli ukidhani itafukuza maji. Wenye kufanya hivyo huhatarisha motokaa na maisha yao. Iko dawa ya kupuliza iitwayo WD-40, iliyotengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na herufi zake mbili za kwanza zina maana ya kufukuza maji. Yafaa kwa nyaya na viungo, lakini nayo hushika moto, basi ngojea mpaka mvuke wake uishe ndipo uwashe injini.

DALILI NA MAANA ZAKE

Stata isipozunguka kabisa, usiilaumu plagi. Tazama vichwa vya betri, fyuzi, na waya wa stata. Huenda muoshaji aliulegeza alipokuwa akisugua.

Stata ikizunguka vizuri lakini injini haiwaki, cheche imekosekana. Rudia kukausha distributa au koili.

Injini ikiwaka lakini ikitetemeka na kukohoa, silinda moja au mbili hazifanyi kazi. Tafuta shimo la plagi lililobaki na maji. Taa ya injini ikimetameta, usiendelee na safari, kwa kuwa petroli isiyoungua huingia katika bomba la moshi na kuharibu chombo cha kusafishia moshi, ambacho bei yake ni kubwa.

Injini ikienda vizuri lakini taa hiyo ikawaka bila kumetameta, yaelekea ni sensa iliyolowa. Kausha kiungo chake. Pengine taa hukaa safari kadhaa ndipo ikazimika yenyewe; isipozimika, fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ataisoma.

Ukisikia mkanda wa feni ukilia, ni kwa sababu umelowa, nao hunyamaza baada ya dakika chache. Lakini taa ya betri ikidumu kuwaka, alteneta ichunguzwe.

Iko dalili moja zaidi ambayo wengi huisahau. Motokaa iliyokauka ikapona, kisha ikarudia kukohoa kila asubuhi yenye ukungu, ina waya au kifuniko chenye ufa mwembamba. Maji ya kuoshea hayakuuleta ufa huo, bali yaliufichua. Hapo ndipo inapofaa kununua chombo kipya.

KUOSHA KWA AKILI

Injini ioshwe ikiwa imepoa. Maji baridi yakimwagwa juu ya chuma chenye moto yaweza kukipasua, na mvuke wake humuunguza aliye karibu. Kabla ya kuanza, funika koili, distributa, alteneta, kasha la fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko isiyopitisha maji. Mashine ya kurusha maji kwa nguvu isielekezwe humo. Brashi, sabuni kidogo na maji machache yatosha. Wala isioshwe mtoni. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 yakataza kuchafua maji, na oili iliyomwagwa katika mto Kipsonoi au kijito chochote hunywewa na ng'ombe na watu walio chini.

Mwisho, tuseme neno juu ya ugomvi unaozuka mahali pa kuoshea. Mwenye motokaa husema, "Kijana, umeniharibia gari." Naye kijana hujibu, "Mzee, lilikuja likiwa gonjwa." Kabla ya kupelekana kwa chifu, motokaa na ikaushwe kwa utaratibu tuliouelezea, wote wawili wakitazama. Ikiwaka baada ya kukauka, hakuna aliyeharibu kitu, na hakuna deni. Ikibaki na waya wenye ufa, ufa ule ni wa zamani, nao ni mzigo wa mwenye gari. Lakini maji yakipatikana ndani ya chujio kwa sababu mdomo wa hewa haukufunikwa, muoshaji naye ajue sehemu yake. Tena ni vema wapatane kabla ya mpira kufunguliwa: injini imepoa au la, vyombo vimefunikwa au la, na nani atakayengoja mpaka ikauke.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maji yaliyomwagika juu ya injini huzoleka, kwa kitambaa, kwa jua na kwa subira, mradi mtu asiushike ufunguo kabla ya wakati wake.