Hati za Wakfu na Mirathi: Tuzihifadhi Vipi, na Elimu Yake Tuipate Wapi?



Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Lakini kuandika bila ya kuhifadhi hakutoshi. Hati ya wakfu ikiliwa na mchwa, wajukuu hawana cha kuonesha kwamba shamba lile la minazi lilitolewa kwa ajili ya msikiti, na hapo wakfu hugeuka kuwa mali ya mtu. Ni hivyo hivyo kwa hati za mirathi, vyeti vya ndoa na talaka, na maandishi ya madeni ya marehemu.

Tunaulizwa: karatasi kongwe za wazee wetu tuzifanye nini? Wengi huzipeleka dukani kutiwa plastiki kwa mashine ya moto, au huziunga kwa selotepu zilipochanika. Wataalamu wa nyaraka wanayakataza yote mawili. Plastiki ile haitoki tena bila ya kuidhuru karatasi, na gundi ya selotepu huacha doa la manjano lisilofutika.

Elimu ya kazi hii ipo bure katika intaneti. Imeandikwa kwa Kiingereza, basi kijana wa nyumbani asome na awafasirie wazee. Tunataja sehemu tatu:

1. Northeast Document Conservation Center, Marekani. Hutoa vijitabu vifupi kuhusu mwanga, unyevu, wadudu na karatasi zilizoroa maji.

2. Endangered Archives Programme ya British Library, Uingereza, iliyoanza mwaka 2004. Kwa msaada wake miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha. Mwaka 2018 ulitoka mwongozo wake uitwao Remote Capture, unaofundisha kupiga picha nyaraka mahali pasipo na vifaa vingi.

3. Baraza la Kimataifa la Nyaraka, lililoundwa mwaka 1948. Kanuni zake ziitwazo ISAD(G) zinafaa kwa kamati za misikiti na madrasa: kila waraka upewe nambari na jina, aandikwe aliyeutoa, tarehe yake na idadi ya kurasa.

Na kabla ya yote hayo, Nyaraka za Taifa zipo hapa hapa Kilimani, Unguja. Nendeni mkaulize.

Kwa leo, anzeni hivi. Oshani mikono na muikaushe. Toeni pini na klipu zenye kutu. Wekeni hati ndani ya bahasha safi, na maelezo yaandikwe juu ya bahasha kwa penseli. Zikae kabatini, mbali na sakafu, jua na ukuta wenye unyevu. Pigeni picha kwa mwanga wa mchana bila ya flashi, na nakala ziwekwe mahali patatu, mojawapo nje ya nyumba.

Tunatahadharisha mambo mawili. Picha haichukui nafasi ya asili. Kukitokea mzozo, kadhi anaweza kuitaka hati yenyewe aitazame, basi asili isitupwe. Pili, karatasi hizi zina siri za watu, waliohai na waliotangulia. Kuzisambaza katika makundi ya simu ni kufichua sitara.

Anayeshika sanduku la hati ameshika amana ya wote. Awaoneshe warithi wenziwe lilipo, kabla mauti hayajamfika.

Wabillahi tawfiq.