Kivuli cha ukurasa wa nyuma kinagharimu saa ngapi?

Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, ilichapwa Magila, chini ya milima, kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. Machapisho ya enzi hiyo yanapopita kwenye skana yana kero moja: karatasi ikiwa nyembamba, maandishi ya nyuma hujitokeza mbele kama kivuli, yamegeuka kinyume.

Tuchukue kitabu cha kurasa 200, ukubwa wa A5. Kwa nukta 300 kwa inchi, ukurasa mmoja una nukta 1,748 kwa 2,480, yaani milioni 4.3. Ukihifadhi picha za kijivu, kitabu kizima hakifiki gigabaiti 1. Flashi ya bei ndogo inakibeba na nafasi inabaki tele.

Gharama iko kwenye saa za mtu. Tuseme ukurasa una herufi 1,500, na programu ya bure kama Tesseract, ambayo husoma Kiswahili, inapatia 98 katika kila 100. Yanabaki makosa 30 kwa ukurasa, 6,000 kwa kitabu. Kosa moja likichukua sekunde 10 kulisahihisha, hizo ni saa 16 na dakika 40. Na kivuli hakichagui pa kuangukia: kikigusa herufi moja tu, “hapa” inasomeka “hapo”, na jina la mtawala kama Kimweri linaharibika bila kamusi yoyote kustuka.

Dawa ya kwanza ni karatasi nyeusi ya manila. Mwanga wa skana hupenya karatasi, hugonga kifuniko cheupe na kurudi na maandishi ya nyuma. Weusi huumeza. Kuiweka mara 200, sekunde 5 kila mara, ni dakika 17 hivi. Hata ikiondoa robo tu ya makosa, umeokoa saa 4 na dakika 10. Sijaona programu inayolipa hivyo.

Wino ukiwa umelowa hadi upande wa pili, manila haisaidii. Hapo kompyuta huchukua picha ya nyuma, huigeuza, huilaza juu ya ile ya mbele na kupunguza kivuli. Lakini milimita 1 ina nukta 12, na mstari unaochora herufi ndogo una unene wa nukta 3 au 4 tu. Picha zikipishana nusu milimita, zinafutika herufi nzima. Ukurasa ukiinama digrii 1, mwisho wake umehama nukta 43. Kwa hiyo nyoosha kurasa kwanza, ndipo usafishe.

Wewe unayetunza vitabu vya zamani vya kanisa, vya msikiti au vya ushirika Lushoto, anza na manila. Na picha ghafi za kijivu usizifute baada ya kupata nakala ya nyeusi na nyeupe, maana herufi hafifu ikishapotea humo hairudi.