Msimwongezee Konda: Basi na Uwanja wa Ndege

Kila ikaribiapo miezi ya safari hunijia suali lile lile, nalo huulizwa na watu wenye elimu na akili timamu: abiria aliyepanda basi la Arusha na Moshi, tiketi ya ndege mkononi, amwongezee konda shilingi ngapi ili basi limwingize mpaka ndani ya uwanja wa Kilimanjaro? Nimelijibu kwa upole mara nyingi. Leo nalijibu bila upole, kwa kuwa watu wanakosa ndege zao kwa dhana hii, na ndege ikisharuka hairejei kwa ajili ya aliyedanganywa.

Jawabu ni kwamba hakuna kiasi. Uwanja wa KIA, uliofunguliwa mwaka 1971 katika uwanda ulio baina ya miji hiyo miwili, haukujengwa kando ya barabara kuu, bali umejitenga nayo kwa kadiri ya kilometa 6, na basi lililopewa leseni ya njia ya Arusha na Moshi limepewa njia hiyo na vituo vyake, halikupewa hiari ya kupinda popote atakapo abiria mwenye fedha. Dereva aingiaye huko ameacha njia yake, na hilo ni kosa mbele ya LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Fauka ya hayo, kwenda na kurudi ni kilometa 12, ilhali waliomo garini, ambao huenda miongoni mwao yumo mgonjwa anayekwenda hospitali ya KCMC au mwanafunzi anayewahi mtihani, hawakumpa mtu yeyote idhini ya kuuza saa zao.

Wako wanijibuo kwamba konda mwenyewe alikubali. Naam, alikubali, na hapo ndipo ulipo ubaya. Nauli si bei ya sokoni, wala haiwekwi na konda. Huwekwa na LATRA kwa kila kilometa ya abiria, na kiwango kilichotangazwa mwishoni mwa mwaka 2023 kwa mabasi ya masafa marefu ya daraja la kawaida kilikuwa shilingi 48.47, hata kilometa 50 hazitimizi shilingi 2,500. Kinachotolewa juu ya hapo hakiandikwi katika tiketi, na kisichoandikwa hakidaiki; basi gari lifikapo njia panda ya KIA, konda, ambaye fedha zimo mfukoni mwake tangu stendi, husema kwamba askari wako mbele, au kwamba dereva amekataa, na begi hushushwa chini kabla mwenyewe hajamaliza kustaajabu. Amelipa zaidi ya wenziwe wote ili ateremke pale pale ambapo nauli ya halali ingalimteremsha. Na yule mpiga debe aliyenadi "uwanja wa ndege, uwanja wa ndege" ameshapokea ujira wake kwa kichwa alichokipandisha, wala hatakuwapo njia panda kuulizwa.

Fanyeni haya. Ateremkaye njia panda na apatane na dereva wa teksi au bodaboda kwa simu kabla ya kutoka nyumbani. Mwenye mizigo mingi au ndege ya usiku, na akodi teksi tangu mjini, gharama agawane na wenziwe. Atokaye mbali, Singida au Tanga, na asafiri siku ya kabla, kwani basi haliruhusiwi kupita kilometa 80 kwa saa, na mizani za njiani hazimjui mwenye haraka. Kwa aendaye uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ashukaye Stendi ya Magufuli, Mbezi, asishuke kwanza mjini, bali apite Malamba Mawili na Kinyerezi mpaka Banana. Na ajaye kwa treni ya umeme kutoka Dodoma au Morogoro, ikiwa treni yake inasimama Pugu, ashukie huko, maana uwanja huo ameshaukaribia. Tiketi na iwe ya kielektroni, yenye nauli kamili iliyoandikwa, na atakayedaiwa zaidi ya hiyo awapigie LATRA simu angali amekaa kitini.