Keekee yafaa kusugua bafu, ila tahadhari na umeme

MATOPE mekundu ya Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hayatoki kwa urahisi katika mianya ya vigae. Hapo ndipo keekee ya umeme, ambayo mafundi huiita drili, hufaa: chuma cha kutobolea huondolewa, ikafungwa burashi ya mviringo. Mashine huzunguka mamia ya mara kwa dakika, mkono ukiielekeza tu.

Hatari ni maji. Keekee ya waya hutumia umeme wa volti 240, na matundu yake ya hewa huweza kuvuta matone hadi ndani. Fundi aliyeizoea kwenye mbao kavu asidhani bafuni ni vivyo hivyo. Afadhali ile ya betri, ya volti 12 au 18, ingawa nayo isitumbukizwe majini.

Nyuzi laini za nailoni hutosha kwa sinki. Ngumu ni za mianya ya vigae. Za chuma huchubua na kuacha alama za kutu. Mwendo uwe wa polepole, la sivyo sabuni itaruka machoni. Wala dawa ya klorini isichanganywe na asidi ya kusafishia choo: gesi itokanayo nayo hudhuru mapafu, hasa katika bafu lisilo na dirisha.