TUSUKE ZULIA KWA NGUO KUUKUU

Kila nyumba ina nguo zisizovaliwa tena. Fulana imetoboka kwapani. Shati la shule limekuwa dogo, na mdogo mtu naye amekwisha lipita. Kanga imechanika katikati. Nguo hizo hukaa ndani ya kiroba chini ya kitanda, na panya wanazaa humo. Mwisho wake hutupwa mtaroni, au huchomwa moto uani na moshi wake unakaba watoto.

Leo tutaeleza namna ya kuzisuka ziwe zulia la kuweka mlangoni au kando ya kitanda. Kazi hii haihitaji cherehani wala umeme. Inahitaji mkasi, sindano kubwa, uzi na subira.

Viungani mwa Dar es Salaam, kama Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju, nguo kuukuu ni nyingi sana. Sababu yake ni mitumba. Wazee wanakumbuka jina lake la zamani: kafa Ulaya. Mitumba ilianza kuingia kwa wingi baada ya serikali kulegeza biashara ya nje katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza kidogo kidogo mpaka ikome. Lakini haikukoma, na belo bado zinafunguliwa masokoni.

Sasa, si kila nguo katika belo inauzika. Zenye madoa na zilizochanika hubaki chini ya meza hadi jioni. Ukimfuata muuzaji saa hizo, atakuuzia kwa bei ya kutupa, pengine atakupa bure. Fundi cherehani naye ana mabaki ya vitambaa. Mwombe kabla hajafagia.

KUMBE NI UKILI

Nilipoanza kazi hii nilifikiri najifunza jambo la kigeni. Siku moja nimekaa barazani Mbagala nasuka vipande vya fulana, akapita bibi mmoja jirani, Mzaramo, na ukindu wake kwapani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unasuka nini hapo?"

"Zulia, bibi."

Akaushika msuko wangu, akaupindua huku na huku. "Mbona huu ni ukili tu? Wako wa nguo, wangu wa ukindu. Haya, suka, lakini usikaze mno."

Alisema kweli. Mkeka hausukwi mzima kwa mara moja. Kwanza husukwa ukili, yaani utepe mrefu na mwembamba. Kisha ukili hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka unapata upana. Zulia la nguo hufuata njia hiyo hiyo. Basi anayejua kushona mkeka amekwisha jua nusu ya kazi. Asiyejua mkeka, lakini anajua kusuka nywele, anajua nusu nyingine.

KUCHAGUA NGUO

Zulia la mlangoni linatakiwa kunywa maji ya miguu. Pamba hunywa maji. Nailoni na polista hazinywi, na tena huteleza. Kama hujui nguo yako ni ya aina gani, chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo na uziwashe nje ya nyumba, mbali na nguo nyingine. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake ni laini. Polista huyeyuka, kisha huganda ikawa kijipande kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa cha moto.

Fulana ni nzuri kuliko nguo zote kwa mwanafunzi. Ukivuta utepe wa fulana hujikunja wenyewe, na ukingo unafichika ndani. Kanga na shuka ni za pamba pia, lakini huchanika nyuzi, kwa hiyo lazima ukunje kingo zake kuelekea ndani wakati unasuka. Jinzi ni ngumu. Ikate nyembamba kuliko nyingine, la sivyo itakuumiza vidole.

Fua nguo zote kwanza kwa sabuni na maji ya moto, uzianike juani mpaka zikauke kabisa. Usiseme "ni za kukanyaga tu". Utakaa nazo mapajani siku kadhaa.

Na hapa kuna jambo moja la adabu. Kanga huwa na maneno yake. Kama maneno hayo yamemtaja Mungu, usiikate ukaiweka mlangoni watu wakanyage. Utagombana na majirani, nao watakuwa na haki. Vile vile nguo za marehemu, uliza wenye msiba kwanza. Koti la babu unaloliona bovu, pengine bibi analitunza kwa sababu zake.

KUKATA NA KUUNGA

Chukua fulana ya mtu mzima. Kata pindo la chini ulitupe. Kisha kata fulana moja kwa moja chini ya kwapa, ubaki na kiwiliwili peke yake, kama mfuko usio na kitako. Sasa anza kukata kutoka ukingo wa chini, ukipandisha mkasi polepole mpaka upate upana wa sentimeta 5, yaani kama vidole vitatu. Endelea kuzunguka bila kukata mwisho. Umewaona vijana wanaomenya machungwa stendi, ganda linatoka refu moja? Fanya hivyo hivyo. Fulana yenye mzunguko wa meta 1 na kimo cha sentimeta 40 itakupa mizunguko 8, yaani utepe wa meta 8 hivi.

Utepe ukiisha, unga mwingine bila fundo, maana fundo litakuumiza mguu. Toboa tundu dogo, kama tundu la kifungo, karibu na ncha ya utepe wa zamani. Toboa jingine katika ncha ya utepe mpya. Pitisha ncha ya utepe wa zamani ndani ya tundu la utepe mpya. Kisha chukua mkia wa utepe mpya, uupitishe ndani ya tundu la utepe wa zamani, uuvute wote. Zimeshikana. Angalia jambo moja: tepe zako tatu zisiishe mahali pamoja. Punguza moja mwanzoni na nyingine zaidi kidogo, ili viungo vipishane.

KUSUKA

Shona ncha tatu pamoja, uzifunge kwenye msumari wa dirisha au kwenye kidole gumba cha mguu. Suka kama nywele: wa kulia unakwenda katikati, wa kushoto unakwenda katikati. Kaza kiasi, na mkono wako uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikaza leo na kulegeza kesho, ukili utakuwa mnene hapa na mwembamba pale. Ukichoka, bana mwisho wake kwa kibanio cha nguo.

Ukili ni mfupi kuliko tepe zake. Tepe tatu za meta 8 zitakupa ukili wa meta 5 na nusu hivi, wenye upana wa sentimeta 2 na nusu. Zulia la mviringo lenye upana wa sentimeta 60 linakula ukili wa meta 11. Basi hesabu ni rahisi: fulana 3 hutoa meta 5 na nusu, kwa hiyo fulana 6 hutoa meta 11. Weka ya saba akiba.

KUSHONA, NDIPO PENYE KAZI

Tumia shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia na mikeka. Uzi uwe wa nailoni, kama ule wa fundi viatu au wa nyavu. Uzi wa kawaida wa cherehani utakatika kabla ya masika kuisha.

Kama unataka zulia la mviringo, kunja mwanzo wa ukili kama konokono. Kama unataka la yai, la urefu wa sentimeta 60 na upana wa sentimeta 40, fanya hesabu ya kutoa: 60 kutoa 40 ni 20. Basi nyoosha sentimeta 20 za kwanza, kisha kunja na uanze kuzunguka. Watu wengi hukisia hapo, halafu wanashangaa zulia limekuwa duara. Zulia hili linakula ukili wa meta 8 tu.

Pitisha sindano katika jicho la ukili wa ndani, kisha katika jicho la ukili wa nje, kisha rudi ndani. Uzi ujifiche katikati, usipite juu ambako miguu itausugua.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu langu la kwanza. Nilishonea mapajani, tena nilivuta ukili kwa nguvu nikidhani ndio uimara. Nilipoliweka chini lilisimama kama ungo. Mume wangu akauliza kama tutapepetea mchele. Ilinibidi nifumue mizunguko sita.

Sababu yake ni hii. Kila mzunguko mpya ni mrefu kuliko uliotangulia. Ukiunyima ukili wa nje nafasi, ukingo unajivuta na zulia linainuka. Kwa hiyo penye kona usivute. Shona kila jicho la ukili wa ndani, lakini mara moja moja ruka jicho la ukili wa nje. Mahali palipo wima, kama kwenye mbavu za zulia la yai, usiruke kitu. Ukiruka mno, zulia litafanya mawimbi badala ya kuinuka, nalo hilo ni kosa. Dawa ni kushonea sakafuni au juu ya meza. Kila ukimaliza mzunguko, lipigepige kwa kiganja uone kama limelala. Likianza kuinuka fumua mzunguko huo huo, usisubiri wa sita.

Mwisho wa ukili, punguza upana wa tepe zote tatu taratibu katika sentimeta 20 za mwisho. Ukili utakuwa mwembamba kama mkia wa panya. Uingize chini ya mzunguko uliotangulia na uushone imara.

WENYE GUNIA

Iko njia nyingine kwa mwenye vipande vifupi visivyofaa kusukwa. Katika karne ya 19, wake wa wafanyakazi na wavuvi huko Uingereza, Kanada na Marekani walipenyeza vipande vya makoti mabovu katika magunia ya juti wakapata zulia la manyoya. Wewe pia unaweza. Kata vipande vya sentimeta 8 kwa 2. Kwa kijiti kilichochongwa, ingiza ncha moja katika tundu la gunia na uitoe tundu la pili, ncha zote mbili zitokeze juu. Vipande vikae karibu karibu ili vibanane. Kunja na kushona kingo za gunia kabla hujaanza. Usitumie salfeti. Nyuzi zake zinateleza, na zikikaa juani zinapukutika.

LISIMWANGUSHE MTU

Zulia jepesi juu ya sakafu ya saruji laini au vigae linaweza kuteleza, na mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Chukua mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, ukate vipande vinne vya urefu wa kidole, uvishone upande wa chini. Kwenye sakafu ya udongo tatizo hilo ni dogo, lakini kila asubuhi liinue ufagie chini yake.

JE, LINAUZIKA?

Swali hili huulizwa kila mara. Jibu langu ni: piga hesabu kwanza. Zulia la sentimeta 60 lilinichukua saa 11, kukata, kusuka na kushona. Tuseme umeliuza shilingi 12,000, na uzi ulikuwa shilingi 1,000. Inabaki shilingi 11,000. Gawa kwa saa 11, umepata shilingi 1,000 kwa saa. Je, vitumbua vinakupa zaidi ya hapo? Kibarua cha palizi je? Kama vinakupa zaidi, suka jioni tu, wakati ambao ungekaa bure.

Tena kumbuka kwamba sokoni yapo mazulia ya mashine kutoka viwandani, na kwa bei huwezi kushindana nayo. La kwako lina sifa nyingine. Ni nene, linafulika, na mteja anaweza kuagiza kipimo cha mlango wake na rangi azipendazo. Basi shona la kwako kwanza, uliweke mlangoni wageni walione. Akija mtu kuuliza, ndipo uchukue oda, na uchukue malipo ya awali. Wala usinunue nguo nzuri za mitumba ili uzikate. Faida yote itaishia hapo.

KULITUNZA

Likung'ute kila siku. Wakati wa kufua, liloweke katika beseni na ulisugue kwa brashi. Usilikamue kwa kulisokota, maana uzi utakatika. Likanyage kwa miguu litoe maji, kisha lilaze juu ya majani au mawe safi juani. Ukilitundika kwenye kamba likiwa limelowa, uzito wa maji utalivuta umbo. Kila wiki ligeuze, upande wa kulia uwe wa kushoto, kwa sababu watu hukanyaga mahali pale pale. Sehemu ikilika, kata uzi wa kushonea hapo tu, toa kipande cha ukili kilicholika, ushone kingine. Kwa hiyo usitupe ile fulana ya saba.